Kamera mpya zinaona jicho la ndege: mambo ya kujua kabla ya kutoa mamilioni

Wapiga picha wengi wa Kahama, Geita na Shinyanga mjini wanaishi kwa harusi, mahafali, kipaimara na picha za pasipoti. Lakini mikoa hii miwili ina utajiri mwingine ambao haujapigwa picha za kutosha: ndege. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iko ndani ya mkoa wa Geita. Burigi-Chato nayo ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ukiacha hifadhi, kuna majaruba ya mpunga, malambo, ngitili na fukwe za Ziwa Victoria, ambako ndege wako tele na hakuna geti.

Wakati huohuo, kamera zimebadilika sana. Zile za daraja la juu zinazotoka sasa, zisizo na kioo ndani, zinaweza kumtambua ndege, kulitafuta jicho lake na kulishikilia akiwa anaruka. Bei yake nayo iko juu. Nikon Z8, kwa mfano, iliingia sokoni mwaka 2023 kwa takriban dola 4,000 za Marekani, na lenzi yake ya milimita 180 hadi 600, iliyotoka mwaka huohuo, kwa takriban dola 1,700. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 14, kabla ya usafirishaji, kodi, kadi na betri za ziada. Ni fedha za kununua bodaboda kadhaa mpya. Kijana anayekopa kikoba au kuuza ng'ombe ili apate kamera hii anastahili kujua kwanza anachokinunua.

Katika makala haya tunaeleza kamera hizi zinafanya kazi gani, zinashindwa wapi, na namna ya kuzijifunza hapa kwetu. Jambo kubwa la kushika ni hili: kamera mpya imeichukua kazi iliyokuwa ya kidole, yaani kufukuzia fokasi. Kazi ya kumjua ndege na kuandaa mipangilio kabla ya kutoka nyumbani imebaki kwako.

Kuondoka kwa kioo kumebadilisha nini?

Katika kamera za zamani za kubadilisha lenzi, mwanga ulipita kwenye lenzi, ukagonga kioo kilichoinama, ukapandishwa hadi kwenye kitundu cha kuangalia. Ulipobonyeza, kioo kilinyanyuka, giza likaingia kwa muda mfupi, picha ikapigwa, kioo kikarudi. Ule mlio wa "klak" ambao wageni wa harusi wameuzoea ulitokana na kioo hicho pamoja na shata.

Katika kamera mpya kioo hakipo. Mwanga unafika kwenye kihisi muda wote, na kwenye kitundu unaangalia skrini ndogo. Kwa sababu hiyo kompyuta ya kamera inaiona picha nzima hata kabla hujabonyeza.

Faida ya kwanza ni mwanga. Yangeyange ni mweupe sana, na tope la jaruba ni jeusi. Kamera ikipima wastani wa eneo zima, huongeza mwanga kwa ajili ya tope, na manyoya ya yangeyange yanaungua, yanabaki doa jeupe lisilo na mistari. Zamani uligundua baada ya kupiga. Sasa unaliona tatizo kwenye skrini ya kitundu, unazungusha gurudumu la kupunguza mwanga hadi manyoya yaonekane, ndipo unabonyeza. Kwa mnandi, ndege mweusi wa ziwani, mara nyingi utafanya kinyume chake.

Faida ya pili ni kwamba kamera inaweza kutafuta fokasi karibu kila kona ya fremu, si katikati tu. Ya tatu ni ukimya. Ndege aliye karibu hashtuliwi na mlio wa kioo.

Kamera inalipataje jicho?

Watengenezaji wameifundisha programu ya kamera kwa picha nyingi sana za ndege. Kamera inatafuta umbo la mwili, kisha kichwa, kisha jicho. Canon EOS R5 ya mwaka 2020 ilikuja na uwezo wa kutambua wanyama wakiwemo ndege. Sony A1 ya mwaka 2021 ilikuja na fokasi ya jicho la ndege. Nikon Z9, iliyotangazwa mwaka 2021, ilipata chaguo maalumu la ndege kupitia programu mpya ya ndani mwaka 2023, na Z8 ikalipata mwaka 2024. Ukinunua kamera iliyotumika, angalia kwanza kama programu yake ya ndani imesasishwa. Kusasisha ni bure, na kunaweza kukupa kitu ambacho mwenye kamera wa kwanza hakuwa nacho.

Kuna mambo matatu ya kuzingatia hapa.

Kwanza, chaguo la kitu kinachotafutwa. Ukipiga harusi Jumamosi, kamera yako itakuwa imewekwa itafute watu. Ukienda lamboni Jumapili alfajiri bila kubadilisha, itahangaika na utadhani ni mbovu. Weka chaguo la ndege kwenye menyu fupi au kwenye kitufe kimoja.

Pili, vizuizi. Kamera hupotea kwenye matete, nyasi ndefu na miiba ya migunga. Ndege akiwa nyuma ya kijiti, fokasi mara nyingi hutua kwenye kijiti. Dawa yake ni kuandaa vitufe viwili vya fokasi. Kimoja kitumie eneo dogo la fremu, kwa ndege aliye ndani ya matawi: unaweka kisanduku juu ya ndege, na kamera inalitafuta jicho ndani ya kisanduku hicho tu. Kingine kitumie eneo pana, kwa ndege aliye angani ambako hakuna cha kuichanganya. Kuvizoea vitufe hivi viwili kuna thamani kuliko kuusoma mwongozo wote kwa siku moja.

Tatu, umbali. Ndege akiwa nukta kwenye skrini, hakuna jicho la kuonwa. Lenzi ya milimita 600 inasaidia, ila haiondoi ulazima wa kusogea taratibu au kukaa na kusubiri.

Shata isiyo na mlio, na kadi inayojaa

Kihisi cha kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. Kama usomaji ni wa polepole, bawa la ndege mdogo linakuwa limeshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa, na kwenye picha linaonekana limepinda. Hapa ndipo fedha nyingi za kamera za daraja la juu zinapokwenda. Z8, Z9 na Sony A1 zina vihisi vyenye tabaka ambavyo husoma fremu nzima kwa muda unaokaribia sekunde 1/250, hivyo kupinda huko ni nadra. Z8 na Z9 hazina kabisa shata ya kimakanika. Sony A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, inasoma kihisi chote kwa mpigo mmoja, ila picha yake ina pikseli milioni 24 hivi, wakati wenzake wana milioni 45 hadi 50. Pikseli nyingi zinasaidia pale unapohitaji kukata picha ili ndege aonekane mkubwa.

Maana yake kwa mnunuzi ni hii: kuna kamera za bei nafuu zaidi ambazo nazo zinatambua jicho la ndege. Kama unalenga ndege waliotua, bundi mtini au korongo anayetembea jarubani, huenda huhitaji kulipia kasi ya kihisi.

Ukimya una hatari yake pia. Kwa kuwa husikii kitu, kidole kinalala kwenye kitufe. Kwa kasi ya picha 20 kwa sekunde, na kila faili la RAW likikaribia MB 50, unatumia karibu GB 1 kila sekunde. Kadi ya GB 64 inajaa kwa dakika moja hivi ya kubonyeza. Kisha unarudi nyumbani na picha zaidi ya elfu moja, kompyuta ya zamani, na umeme ambao unaweza kukatika kabla hujamaliza kuchagua. Kwa kuanzia, weka kasi ya picha 10 kwa sekunde, na bonyeza kwa vipindi vifupi.

Kupiga kabla ya kubonyeza

Uwezo unaoshangaza wengi ni ule wa kamera kurekodi kabla hujabonyeza. Ukiwa umeshikilia kitufe nusu, kamera inahifadhi picha za sehemu ya sekunde iliyopita na kuzitupa, inahifadhi tena na kutupa. Ukibonyeza hadi mwisho, inakuwekea zile za nyuma. Mdiria anaporuka kutoka kwenye mti wa nyavu pale ufukweni, jicho lako linaona, ubongo unaamua, kidole kinashuka, na ndege ameshatoka kwenye fremu. Kamera inakurudishia ule muda uliopotea.

Kila kamera ina mipaka yake. Z8 na Z9 hufanya hivyo kwa faili za JPEG tu, si RAW, kwa hiyo mwanga lazima uwe sahihi tangu mwanzo. Canon EOS R5 Mark II ya mwaka 2024 inarudi nyuma kwa nusu sekunde. Sony A9 III inaweza kurudi hadi sekunde moja. Na zote hula betri haraka, kwa sababu kamera inafanya kazi muda wote wa kusubiri.

Hata hivyo, kurudi nyuma sekunde moja hakukusaidii kama lenzi ilielekea mti mwingine. Lazima ujue kwamba mdiria hupenda kurudi kwenye kituo kilekile, kwamba ndege wengi huruka wakielekea upepo unakotoka, na kwamba ndege anayejikunja miguu na kuinamisha kifua yuko tayari kuondoka. Mambo hayo hayamo kwenye menyu. Mvuvi wa Nkome au mchungaji wa Kishapu anaweza kukueleza kwa dakika tano.

Mipangilio ya kuanzia

Hakuna mipangilio inayofaa kila mahali, lakini hii itakutoa nyumbani:

- Ndege aliyetua: kasi ya shata sekunde 1/500, ukiongeza akianza kuhangaika.
- Ndege mkubwa angani, kama korongo au tai: 1/1250 hadi 1/1600.
- Ndege mdogo angani, kama mnana au mdiria: 1/2500 au zaidi.
- Tundu la lenzi: liache wazi kabisa, kwa mfano f/6.3 kwenye milimita 600.
- ISO: iache ijipange yenyewe, na ukomo wa 6400.
- Fokasi: ya kufuata mfululizo, utambuzi ukiwa kwenye ndege.

Ukisharidhika, hifadhi mipangilio hii kama kundi moja ndani ya kamera, na ya harusi kama kundi jingine. Utahama kutoka kazi moja hadi nyingine bila kufungua menyu kumi.

Wiki nne za kujifunza karibu na nyumbani

Usiende Rubondo na kamera uliyoitoa kwenye boksi jana. Utalipa boti, kiingilio na malazi ili ukajifunze vitufe. Wiki nne za mazoezi hapa mtaani zitakutosha kuanza.

Wiki ya kwanza, kaa na ndege wa uani: njiwa, kunguru, shorewanda. Lengo ni kubadilisha vitufe viwili vya fokasi bila kuangalia vidole.

Wiki ya pili, nenda kwenye majaruba. Yangeyange watakufundisha mwanga wa ndege mweupe. Kama kweleakwelea wameingia, kwa mkulima ni msiba, lakini kundi lao ni mtihani mzuri kwa kamera: utambuzi unarukaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Hapo utajifunza kuchagua ndege mmoja wa ukingoni mwa kundi, au kushusha kasi ya shata hadi 1/30 ili kundi zima lionekane kama moshi unaopita.

Wiki ya tatu, ingia kwenye ngitili. Wasomaji wa Shinyanga wanajua historia yake. Eneo lililokuwa linaelekea kuwa jangwa lilirudishiwa miti kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002, na malisho haya ya kutengwa yakafikia zaidi ya hekta 300,000. Miti iliporudi, ndege nao walipata pa kukaa. Huku ndiko kwa kuzoea eneo dogo la fokasi. Ukibahatika utakutana na kasuku mdogo wa Fischer, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa na pete nyeupe kuzunguka jicho. Kuza picha kwenye skrini uangalie pete hiyo: kama ukingo wake ni mkali, fokasi imetua.

Wiki ya nne, nenda ziwani, kwenye mialo ya Geita au Chato. Mdiria mweusi na mweupe huelea hewani akipigapiga mabawa kabla ya kuzama, na anakupa nafasi ya kujaribu kufuata ndege angani pamoja na kurudi nyuma sekunde moja.

Joto na vumbi

Huku kwetu jua huchomoza kati ya saa 12:30 na saa 1:00 asubuhi. Mwanga mzuri unadumu hadi kama saa 2:30, unarudi baada ya saa 10:30 jioni. Katikati ya hapo, hasa kiangazi, hewa ya moto inapanda kutoka ardhini na kuonekana kama mawimbi. Ukipiga ndege aliye mbali kupitia hewa hiyo, picha inatoka laini na isiyo na ukali. Watu wengi huilaumu lenzi na kuirudisha dukani. Hakuna kamera ya bei yoyote inayotibu mawimbi ya joto. Sogea karibu au rudi asubuhi.

Vumbi jekundu la barabara za machimbo ni adui wa pili. Kwenye kamera isiyo na kioo, ukitoa lenzi kihisi kinaweza kubaki wazi. Z8 na Z9 zina kinga inayofunika kihisi kamera inapozimwa, lakini lazima uiwashe kwenye menyu. Zima kamera, elekeza mdomo wake chini, badilisha ukiwa ndani ya gari au chumbani. Ukienda porini na lenzi moja, huna haja ya kubadilisha kabisa. Usifute kihisi kwa shati.

Watu, uzio na viota

Mtu mgeni mwenye begi na bomba refu, alfajiri, kwenye ngitili ya watu, lazima aulizwe. Na Shinyanga na Kahama ndiko sungusungu walikoanzia. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji siku moja kabla, msalimie mzee mwenye eneo, Mwangaluka yako ikiwa tayari, na waonyeshe picha ulizopiga. Karibu na uzio wa mgodi usiinue lenzi ndefu bila ruhusa, hata kama tai ametua juu ya nguzo. Ndani ya hifadhi za taifa, upigaji picha wa kibiashara una taratibu zake za vibali mbali na kiingilio. Uliza ofisi ya hifadhi kabla ya kusafiri.

Jambo la mwisho linawahusu ndege wenyewe. Kasuku wa Fischer, ambaye makazi yake ya asili ni kaskazini ya kati mwa Tanzania, alikamatwa kwa wingi katika miaka ya 1980 na kuuzwa nje. Korongo taji yuko kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Picha nzuri yenye jina la kijiji, au yenye alama za mahali zilizojificha ndani ya faili, inaweza kumwongoza mkamataji hadi kwenye tundu la mti. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera na kwenye simu unayohamishia picha, na ukichapisha taja mkoa tu. Ukikuta kiota, usikate majani ili upate mwanga. Yale majani ndiyo yanayowaficha makinda wasionwe na kunguru na mwewe.

Ununue au usinunue?

Kama tayari una kazi ya picha inayoingiza fedha, kamera ya daraja la juu inaweza kujilipa, kwa sababu mashine ileile itapiga harusi Jumamosi na ndege Jumapili. Kama kazi hiyo bado haijakuwepo, usiingie kwenye mkopo kwa matumaini ya kuuza picha za ndege. Soko hilo hujengwa polepole, kwa kufahamiana na waongoza watalii, hoteli na hifadhi.

Njia ya katikati ipo. Nunua mwili wa kamera wa bei nafuu au uliotumika, kisha weka fedha nyingi zaidi kwenye lenzi, kwa kuwa lenzi nzuri huishi miaka mingi na utahama nayo kwenda kwenye kamera ijayo ya kampuni ileile. Au azima kwa mwenzako kwa siku mbili, uende jarubani nayo kabla ya kuamua. Ukirudi, hesabu picha ngapi kati ya mia zina jicho lenye ukali. Rudia zoezi hilo na kamera uliyonayo sasa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo unayotaka kulipia hizo milioni.